Bingwa Amerudi. Sasa Nani Ampishe?

Wadau, leo naomba tuhame kidogo. Najua wengi mnaopita hapa mmezoea nikiandika siasa na mpira, lakini kuna historia moja nimekaa nayo muda mrefu na sasa inanikaba kooni. Kwa hiyo leo tunakwenda kwenye barafu. Sizungumzii barafu ya kwenye jagi la juisi. Nazungumzia ule mchezo wa Olimpiki ya majira ya baridi ambao watu wanavaa viatu vyenye chuma chembamba, muziki unapigwa, wanateleza, wanaruka, wanazunguka hewani mara tatu au nne, wanatua kwa mguu mmoja, na majaji wanatoa alama.

Swali langu ni hili: bingwa wa zamani aliyekaa pembeni kwa sababu ya majeraha, au aliyestaafu kabisa, akirudi na kusema "nipo tayari", apewe nafasi ya nani?

Angalia nilivyouliza. Kama apewe nafasi au asipewe, hilo ni swali rahisi, kila mtu anapenda kumwona bingwa akirudi. Swali gumu ni nafasi ya nani, maana kwenye mchezo huu nafasi haiongezwi kwa sababu mtu maarufu amebisha hodi. Akiingia mmoja, mwingine anatoka.

Kwanza tuelewane kuhusu hesabu. Kwenye Olimpiki na ubingwa wa dunia, nchi moja haiwezi kupeleka zaidi ya watu 3 kwa wanaume na 3 kwa wanawake. Tena hizo 3 hazitolewi bure. Zinategemea wachezaji wa nchi hiyo walishika nafasi gani kwenye ubingwa wa dunia uliopita. Wakifanya vizuri wanarudi nyumbani na nafasi 3 au 2, wakiboronga zinapungua. Na nafasi hiyo ni mali ya nchi, hata kama aliyeihangaikia ni mtu mmoja. Nani aende, hilo linaamuliwa na shirikisho la nchi husika. Hapo ndipo fitina, huruma, hesabu na siasa vinapokutana mezani.

Tuanzie Olimpiki ya 1994 iliyofanyika Lillehammer, Norway. Kabla ya hapo, mchezaji akishaingia kwenye maonyesho ya kulipwa alikuwa amefunga mlango wa Olimpiki nyuma yake. Kwa ajili ya Lillehammer, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISU, liliwaruhusu waombe kurudi. Wakarudi wakongwe kwa kundi. Alirudi Katarina Witt wa Ujerumani, aliyetwaa dhahabu 1984 Sarajevo na 1988 Calgary. Alirudi Brian Boitano wa Marekani, bingwa wa 1988. Walirudi Jayne Torvill na Christopher Dean wa Uingereza, mabingwa wa 1984, na Warusi wawili waliokuwa mke na mume, Ekaterina Gordeeva na Sergei Grinkov.

Matokeo yalikuwa ya kila aina. Gordeeva na Grinkov walichukua dhahabu. Torvill na Dean walipata shaba. Boitano akawa wa 6, Witt wa 7. Lakini mimi kinachonivutia ni jinsi Boitano alivyofika huko. Pamoja na dhahabu yake nyumbani, aliingia kwenye ubingwa wa Marekani kama kijana yeyote, akafungwa na Scott Davis, akawa wa 2. Marekani ilikuwa na nafasi 2 za wanaume. Akaenda. Hakuna aliyeweza kumnyooshea kidole, maana alipanga foleni kama wengine.

Mwaka huohuo, kwenye ubingwa huohuo wa Marekani uliofanyika Detroit, upande wa wanawake mambo yalikwenda kombo. Tarehe 6 Januari 1994, Nancy Kerrigan, aliyekuwa na shaba ya Olimpiki ya 1992, alipigwa kwa rungu la chuma mguuni alipokuwa akitoka mazoezini. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba shambulio lilipangwa na watu wa karibu wa mpinzani wake, Tonya Harding. Kerrigan hakuweza kushindana. Harding akashinda, na wa 2 akawa binti mmoja wa miaka 13 anayeitwa Michelle Kwan.

Nafasi zilikuwa 2. Kwa matokeo ya uwanjani, za Harding na Kwan. Shirikisho likaamua Kerrigan aende, na Kwan awe akiba. Ukiniuliza mimi, uamuzi ule ulikuwa wa haki. Kerrigan hakukosa ubingwa wa taifa kwa uzembe wala kwa kujipa likizo. Alizuiwa kwa jinai. Kumnyima nafasi kungekuwa sawa na kumkabidhi mhalifu alichokitafuta. Na Kerrigan aliwalipa: alirudi na medali ya fedha, akizidiwa kidogo sana na Oksana Baiul wa Ukraine. Harding alikuwa wa 8, na Juni mwaka huo akavuliwa ubingwa wa taifa.

Lakini hebu tumwangalie yule mtoto wa miaka 13. Hakupiga mtu. Hakukosea. Alishika nafasi ya 2 kwenye mashindano yenye nafasi 2, na akaambiwa asubiri. Hata uamuzi ukiwa wa haki, kuna mtu anayeulipia. Hilo ndilo jambo ambalo magazeti hayapendi kuliandika, kwa sababu kamera ziko kwa yule anayerudi.

Sasa ruka miaka 12. Huyo Kwan amekuwa malkia wa mchezo. Ubingwa wa dunia mara 5, ubingwa wa Marekani mara 9, fedha ya Olimpiki 1998 na shaba 2002. Kitu pekee anachokikosa kabatini ni dhahabu ya Olimpiki. Januari 2006, kuelekea Olimpiki ya Torino, Italia, akiwa na jeraha la msuli wa kinena, anashindwa kushiriki ubingwa wa taifa uliofanyika St. Louis. Sasha Cohen anakuwa wa 1, Kimmie Meissner wa 2, na wa 3 ni Emily Hughes, mdogo wake Sarah Hughes aliyechukua dhahabu ya Olimpiki 2002 mbele ya Kwan huyohuyo. Marekani ina nafasi 3.

Kwan akaandika barua ya maombi, jambo ambalo kanuni za shirikisho lake ziliruhusu kwa mchezaji aliyeumia. Kamati ikamkubalia kwa sharti moja: kabla Januari haijaisha afanye programu zake mbele ya jopo la watu watano katika uwanja anaofanyia mazoezi California. Akafanya, jopo likaridhika, akapanda ndege. Hughes akabaki nyumbani kama akiba.

Unaona gurudumu lilivyozunguka? Mtoto aliyempisha bingwa 1994, sasa ni bingwa anayepishwa na mtoto.

Kwan alifika Torino, akafanya mazoezi, maumivu yakarudi. Tarehe 12 Februari 2006 akajitoa mwenyewe, kabla mashindano ya wanawake hayajaanza. Hughes akaitwa, akasafiri, akashindana, akawa wa 7. Cohen alipata fedha. Mimi namheshimu Kwan kwa mengi, lakini kwa hili namheshimu zaidi: alijitoa wakati ambapo mwenzake bado angeweza kuitwa. Angeweza kung'ang'ania hadi dakika ya mwisho, na dunia nzima ingemwonea huruma. Hakufanya hivyo.

Nasema hivi kwa sababu kuna aliyekwenda hadi dakika ya mwisho.

Evgeni Plushenko wa Urusi alikuwa na fedha ya 2002, dhahabu ya 2006 na fedha ya 2010. Hii ya 2010 yenyewe aliipata baada ya kukaa nje ya mashindano kwa zaidi ya miaka 3. Olimpiki ya 2014 ikawa inafanyika kwao, Sochi. Yeye ana miaka 31 na mgongo uliofanyiwa upasuaji mwaka uliotangulia. Urusi, nchi kubwa namna ile, kwa wanaume ilikuwa na nafasi 1 tu, kwa sababu kwenye ubingwa wa dunia wa 2013 kijana wao Maxim Kovtun alishika nafasi ya 17.

Desemba 2013 ukafanyika ubingwa wa Urusi, palepale Sochi. Kovtun wa 1, Plushenko wa 2. Kama kanuni ingekuwa "mshindi anakwenda", hadithi ingeishia hapo. Lakini wakasema tusubiri ubingwa wa Ulaya wa Januari. Plushenko hakwenda. Kovtun alikwenda, akawa wa 5. Kisha shirikisho likaandaa jaribio la ndani kwa ajili ya Plushenko, milango ikiwa imefungwa, bila watazamaji. Wakubwa wakatoka wakisema yuko vizuri. Nafasi ikawa yake.

Sasa tuwe wakweli, maana historia haitaki ushabiki. Plushenko alikwenda Sochi na kwenye mashindano ya timu akafanya kazi kweli: wa 2 kwenye programu fupi, wa 1 kwenye programu ndefu, na Urusi ikachukua dhahabu ya timu. Anayesema alibebwa tu amkumbuke yule mzee kwa zile siku mbili. Tatizo lilikuja tarehe 13 Februari, kwenye mashindano ya mtu mmojammoja. Wachezaji wako kwenye barafu wanapasha viungo. Plushenko anaruka, anashika mgongo, anamfuata mwamuzi, anajitoa. Dakika ile hakuna wa kuingizwa. Urusi, mwenyeji wa mashindano, ikabaki bila mwanaume hata mmoja kwenye mashindano yale. Kovtun, bingwa wa taifa, aliyaangalia akiwa nje.

Yuzuru Hanyu wa Japani akachukua dhahabu, dunia ikaendelea.

Tukitaka kuwa waadilifu, lazima tutenganishe mambo mawili hapa. Kuumia siyo kosa. Hakuna mtu anayechagua mgongo umgeukie mbele ya watu wake. Kosa, kwa maoni yangu, lilifanyika kabla: kipimo kilibadilika njiani. Ulikuwa ubingwa wa taifa, ukawa ubingwa wa Ulaya, ukaishia kuwa jaribio la faragha ambalo mmoja analifanya na mwenzake halifanyi. Mtu anaweza kukubali kushindwa kwenye mbio za mita 100. Lakini ukimwambia alipofika mita 100 kwamba mstari umesogezwa, hawezi kukubali, na wala asilazimishwe kukubali.

Kwa hao hao wa 2014 kuna kisa cha Marekani. Ubingwa wa taifa ulifanyika Boston. Mirai Nagasu, aliyewahi kuwa wa 4 kwenye Olimpiki ya Vancouver 2010 na kisha kupotea kidogo, alirudi na kushika nafasi ya 3. Nafasi zilikuwa 3. Kamati ikamruka na kumchukua Ashley Wagner aliyekuwa wa 4, kwa hoja kwamba matokeo ya Wagner ya misimu iliyotangulia yalikuwa bora zaidi. Na kweli, Wagner alikuwa bingwa wa taifa 2012 na 2013. Kanuni zao ziliruhusu kuangalia zaidi ya siku moja. Nagasu alilia, kisha akarudi mazoezini.

Kisha 2018. Ubingwa wa taifa San Jose, kuelekea Pyeongchang, Korea Kusini. Nagasu anakuwa wa 2, anakwenda. Wagner anakuwa wa 4 tena, na safari hii kamati inafuata matokeo kama yalivyo: anabaki. Huko Korea, Nagasu akawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kutua axel ya mizunguko mitatu na nusu kwenye Olimpiki. Wakati huohuo, kwa wanaume, kamati ileile ikamruka Ross Miner aliyekuwa wa 2 na kumchukua Adam Rippon aliyekuwa wa 4, ambaye Januari 2017 alivunjika mguu na kuukosa ubingwa wa taifa wa mwaka ule. Mwezi mmoja, uwanja mmoja, kwa wanawake wa 4 anabaki, kwa wanaume wa 4 anakwenda.

Je, walivunja kanuni? Hapana. Kanuni yenyewe ni pana kiasi kwamba inaweza kumbeba huyu na kumwacha yule bila kuvunjika. Hapo ndipo mimi huanza kukuna kichwa. Kanuni inayoweza kuhalalisha jibu lolote inamlinda mchaguzi kuliko inavyomlinda mchezaji.

Msije mkadhani hii ni habari ya wazungu na barafu zao tu. Mwaka 2012 Kenya ilichagua wakimbiaji 3 wa marathoni kwenda Olimpiki ya London, na ikamwacha Patrick Makau, aliyekuwa anashikilia rekodi ya dunia ya 2:03:38 aliyoiweka Berlin 2011. Ikamwacha pia Geoffrey Mutai, aliyekimbia 2:03:02 Boston mwaka huohuo wa 2011. Abel Kirui akaleta fedha na Wilson Kipsang shaba, halafu dhahabu ikaenda kwa jirani, Stephen Kiprotich wa Uganda. Mpaka leo ukitaka kuanzisha ubishi wa maana na mpenda riadha wa Eldoret, mtajie uteuzi ule. Wenye vipaji wakiwa wengi kuliko viti, kila nchi inageuka kuwa kamati.

Kuna wanaorudi bila kumwachia mtu kinyongo. Midori Ito wa Japani, mwenye fedha ya Olimpiki ya 1992, alikwenda kwenye maonyesho ya kulipwa, kisha akarudi msimu wa 1995/96. Alishindana nyumbani, akatwaa ubingwa wa Japani, ndipo akaenda ubingwa wa dunia na kuwa wa 7. Hakuna mjadala.

Na wa karibuni zaidi ni Alysa Liu wa Marekani. Huyu amepita milango yote miwili. Alikuwa bingwa wa taifa 2019 akiwa na miaka 13. Januari 2022 alipatwa na korona katikati ya ubingwa wa taifa, akajitoa, akaandika maombi, akapelekwa Olimpiki ya Beijing. Mwaka huohuo akapata shaba ya dunia, na akiwa na miaka 16 akatangaza kustaafu. Akaishi maisha ya kawaida. Mwaka 2024 akasema anarudi. Safari hii hakukuwa na barua. Kanuni za ISU zinamtaka kila mchezaji awe na alama za chini zilizowekwa kutoka mashindano ya kimataifa, na stahili za zamani hazikai milele. Akaanzia kwenye mashindano madogo ya msimu, Januari 2025 akawa wa 2 kwenye ubingwa wa taifa huko Wichita, akachaguliwa, na Machi 2025 akawa bingwa wa dunia mjini Boston. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanamke wa Marekani tangu Kimmie Meissner mwaka 2006.

Kwa hiyo mimi nasimama wapi? Nina mambo matatu.

La kwanza, kipimo kiandikwe na kutangazwa kabla msimu haujaanza, na kisisogezwe. Kama matokeo ya mwaka mzima yanahesabika, semeni yanahesabika kwa kiasi gani. Kijana anayeamka saa kumi alfajiri kwenda mazoezini ana haki ya kujua anafukuzia nini.

La pili, itofautishwe sababu ya kutokuwepo. Aliyeshambuliwa, aliyeumia, aliyeugua siku ya mashindano, huyo awe na mlango wa maombi. Aliyestaafu kwa hiari yake apange foleni. Na jaribio likiwa ni lazima, lifanyike mchana kweupe, na yule anayeweza kupoteza nafasi alifanye pia. Jaribio la mtu mmoja ndani ya chumba kilichofungwa ni cheti tu, siyo ushindani.

La tatu, na hili ndilo kubwa kwangu: anayepewa nafasi kwa imani abebe masharti ya imani hiyo. Kuwe na siku ya mwisho ya kuthibitisha uzima wake, akiba akiwa tayari ameshafunga begi. Kwan alilifanya hilo kwa utu wake. Siyo vizuri haki ya mtu mwingine itegemee utu wa bingwa.

Wapo watakaoniambia michezo siyo mahakama, watu wanalipa viingilio kuona nyota. Nawaelewa. Bila nyota viwanja vinakuwa vitupu na vijana nao wanakosa pa kuonekana. Ila nyota wote hawa niliowataja, kuna siku walikuwa watoto wasiojulikana waliomaliza wa 2 au wa 3 na kusubiri kuona kama jina lao litasomwa. Ukilifuta jina la mtoto leo bila sababu inayoeleweka, huenda unamfuta bingwa wa miaka 12 ijayo. Kwan alivumilia akarudi. Nagasu alivumilia miaka 4 akarudi. Waliokata tamaa hatuwajui majina, na hatutawajua.

Haya, mimi nimemaliza. Mwaka 2014, Urusi, nafasi ni 1. Mkononi una bingwa wa taifa aliyekuwa wa 5 Ulaya, na una mzee mwenye medali 3 za Olimpiki na mgongo mbovu. Wewe ungempa nani? Na kabla hujajibu, jiulize kama ungeweza kumwangalia usoni yule uliyemwacha.